Mwiko wa Figo

Nilikwenda Kibakwe kwa sababu ya aibu. Wazee wa kijana anayetaka kumwoa mjukuu wangu Neema walifika kwangu Makole, mjini Dodoma, na kabla ya kutaja posa mmoja wao akauliza, kama ilivyo desturi yetu Wagogo: "Sisi mwiko wetu ni figo. Ninyi je?" Wenye mwiko mmoja huhesabiwa ndugu, hawaoani. Nyumba nzima ikanigeukia mimi, mkubwa wa ukoo. Sikujua. Nilipomaliza kidato cha nne niliweza kuwataja wafalme wa Ulaya kwa mfuatano, lakini asichokula baba yangu sikukijua.

Wazee wakachukua kofia zao. "Mkishajua, mtatuita."

Nikampigia shangazi wa Kibakwe, mdogo wake baba, kwa simu ya jirani yake. "Mambo ya ukoo hayasemwi kwenye simu," akasema, akakata.

Asubuhi, stendi ya Dodoma, Neema alinibebea mfuko huku macho yamemvimba. "Babu, yaani hukuwahi kuuliza?" Nilitaka kumfokea. Lakini alipotaka kusoma historia sekondari, ni mimi niliyemwambia, "Itakulisha nini?"

Baada ya Kongwa, kijana niliyekaa naye kwenye basi akanidadisi hadi nikamweleza safari yangu. Akacheka. "Mzee, si mchague mwiko wowote? Semeni samaki, mambo yaishe!" Nusura nimtie fimbo. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba wazo hilo nami nilikuwa nalo tangu tulipopita Mbande.

Mpwapwa nilibadili gari. Kwenye mlima likashindwa, tukateremka tukapanda kwa miguu, mimi na magoti yangu, nikimlaani dereva, mlima, simu ya jirani na mwishowe nafsi yangu.

Kibakwe nilifika jioni. Shangazi alikuwa mlangoni anamenya karanga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kwa mazishi ya nani?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi una shida. Ninyi wa mjini hamji bure."

Nikamweleza. Hakuinua uso. "Mwiko wetu ni figo."

Nilimwona Neema mawazoni, akilia. Kisha nikakumbuka jambo jingine. "Shangazi, mimi figo nimekula miaka yote, kwenye supu."

"Ndiyo maana meno yamekuisha."

"Kwa hiyo ndoa haipo."

"Nani kasema? Umeshika mkia unadhani umemjua ng'ombe. Babu yake huyo kijana aliletwa hapa mgongoni mwa mama yake, wakati wa njaa. Watu wageni kabisa. Baba yangu akawapokea, mtoto akalelewa na mwiko wa nyumba hii. Alipotaka kuoa, wazee wakachinja mbuzi, wakampa figo ale mbele ya watu, kumfungua mwiko, ili watoto wake na wetu waweze kuoana. Mbuzi huyo nilimchoma mimi."

"Mbona wao bado hawali figo?"

"Alikula siku hiyo moja, akaendelea kuuheshimu mwiko kwa kumheshimu baba yangu. Watoto wake wakaiga, hawakuuliza. Kama wewe tu."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Shule. Ukija likizo baba yako anaanza kukusimulia, unasema, 'Baba, hayo yamepitwa na wakati.'"

Maneno hayo nayakumbuka. Wale wazee walishika mwiko wakaiacha habari yake. Mimi niliacha vyote viwili. Sisi na wao tungewavunjia watoto nyumba yao kabla haijajengwa.

"Rudia," shangazi akasema. Nikarudia. Nikakosea jina la yule mama aliyekuja na mtoto mgongoni. "Rudia!" Hata kulala hakuniruhusu hadi nilipopatia.

Kesho yake nikashuka, na njia nzima hadi Dodoma midomo yangu ilikuwa ikicheza kama ya mwanafunzi kabla ya mtihani. Siku zote nilidhani historia ni habari ya waliokufa. Wenye haja nayo ni hawa wanaotaka kuoana.

Makole, Neema aliposikia kwamba ndoa ipo alipiga kelele, akakimbilia simu ampigie mchumba wake.

"Iweke chini hiyo. Kaa."

"Babu, nimpigie kwanza!"

"Kaa, nikusimulie. Kisha utarudia."

"Si unajua wewe?"

"Shangazi ni mzee, nami ni mzee. Kaa."

Akakaa. Alikosea jina la yule mama.

"Rudia," nikasema.