Baba Alikula Kwanza

Majivu yakilowa maji yana harufu yake, lakini majivu yaliyopakwa samaki mbichi yana harufu nyingine kabisa. Jirani yangu hapa mjini, mtaa wa Katandala, mama mmoja anayekaanga samaki karibu na kijiwe cha bodaboda, huwasugua magege wake, samaki wa jamii ya perege, kwa majivu kila jioni ili kuwatoa utelezi. Upepo ukitoka upande wake, mimi huacha nilichoshika. Watoto wangu wamezoea. Huniita mara mbili, mara tatu, wakiona siitiki wanaendelea na mambo yao. Wanajua mama yao ameshateremka bondeni.

Bondeni ndiko nilikozaliwa, chini huko, ukishuka ukingo wa Ufipa mpaka masikio yanaziba na joto linakupiga usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Kijiji chetu kilikuwa pale mto unapoingia Ziwa Rukwa. Maji ya mto ni ya kahawia, ya ziwa ni meupe kama chai iliyozidishwa maziwa, na yanapokutana yanakwenda bega kwa bega kwa kitambo kabla ya kukubali kuchanganyika. Hapo katikati ya matete ndipo Baba alipokuwa akitega migono yake, vile vikapu virefu vya fito ambavyo samaki akishaingia hajui tena alipoingilia.

Baba aliitwa Oresto. Alikuwa mrefu, mkimya, mtu ambaye ukimuuliza habari za safari alikujibu "nzuri" na safari ikaishia hapo. Mama ndiye aliyekuwa na maneno ya nyumba nzima. Sisi watoto tulikuwa watatu: mimi Skola, mdogo wangu Sesilia, na kitinda mimba wetu Deusi, ambaye wakati huo alikuwa hajafikia umri wa kwenda shule.

Niwaambie kidogo habari za Deusi, maana mkimjua mtanielewa. Alifundishwa kwamba mtu mzima huamkiwa, naye akaona kambale ana sharubu, kwa hiyo kambale ni mtu mzima. Kila Baba alipomwaga samaki uani, Deusi alichuchumaa mbele ya kambale mkubwa na kusema, "Shikamoo." Mama, akiwa ameinama na kisu chake, alijibu kwa sauti nzito ya kizee, "Marahaba, mjukuu wangu, hujambo?" Deusi alikuwa haoni mdomo wa Mama ukicheza. Aliridhika kabisa, akaondoka akiwa ametimiza wajibu wake.

Tena alikuwa na fungu lake. Samaki jike akikutwa na mayai, Mama aliyafunga kwenye jani la mgomba, akayafukia kwenye makaa, akampa mtoto mdogo kuliko wote. Hata mimi niliyala mpaka Sesilia alipozaliwa, na Sesilia akayala mpaka alipozaliwa Deusi. Ni kitu kitamu, kinapasuka chini ya meno na kuacha mafuta kwenye vidole. Tulikuwa tukimtazama Deusi akilamba jani, tukimeza mate.

Mwaka huo masika yalikuwa mabaya. Mahindi ya mwaka jana yalikwisha mapema na ya shambani yalikuwa bado machanga. Mto ulijaa ukang'oa migono, na Baba akapanda juu, uwandani, kulima matuta kwenye mashamba ya watu ili arudi na unga. Sisi tulibaki na uji mwepesi asubuhi na majani ya maboga jioni. Mama akapunguza maneno. Hapo ndipo nilipojua kwamba njaa ni kitu kikubwa, kwa kuwa ilimnyamazisha Mama.

Asubuhi moja tukasikia kelele kutoka mtoni. Watoto wa jirani walikuwa wakikimbia na mabeseni vichwani. "Samaki wanajileta! Samaki wanajileta wenyewe!" Tulipofika tulikuta kijiji karibu chote kiko ndani ya maji. Magege walikuwa wakielea matumbo juu, meupe, mengi, wengine bado wakifungua na kufunga midomo. Watu waliwaokota kama waokotao maembe baada ya upepo. Wazee walisema si ajabu. Miaka mingine pia, mvua ikizidi, tope linawaziba samaki pumzi nao wanakuja juu. Hata hivyo Mama hakuokota ovyo. Alimchukua mmoja, akamfungua mashavu, akatazama kama ni mekundu, akamnusa, akambonyeza tumbo kwa kidole. Samaki alikuwa hajaharibika. Akamtia kwenye beseni, akamchukua mwingine, naye akamkagua vilevile. Mimi nilikuwa nikimharakisha, naye akaniambia, "Tulia, Skola. Samaki wa kuokota anatazamwa mara mbili."

Tulirudi nyumbani beseni likimwagika. Aliwasugua kwa majivu, akawapasua, akawachemsha kwa nyanya na kitunguu na chumvi nyingi, na kwa Mama Pita jirani yetu tukapata unga wa ulezi wa ugali mmoja. Mchuzi ulichemka ukapiga kifuniko. Nakumbuka Mama aliimba. Mmoja wa magege alikuwa na mayai, manjano, yamejaa tele, na Mama akayafunga kwenye jani kama kawaida. Tulikula mchana ule mpaka matumbo yakatuuma kwa shibe. Deusi alikaa kizingitini na jani lake, akala polepole, akitutazama ili ahakikishe kwamba tunamwona.

Jua lilikuwa bado kali nilipoanza kutapika. Sesilia akafuata. Mama alidhani ni shibe ya ghafla baada ya njaa, akatupa maji ya chumvi. Ndipo akamgeukia Deusi. Alikuwa amelala pale pale kizingitini, mate yakimtoka kama mtoto anayeota meno, na miguu yake ilikuwa ikitetemeka peke yake. Macho yalikuwa wazi. Mama alimwita, akamwita tena. Nyumba ya pili tukasikia mtu analia, kisha nyumba ya tatu.

Baba Pita alileta baiskeli. Mama alikaa nyuma kwenye kiti cha mizigo amemkumbatia Deusi, wakaondoka kuelekea zahanati, na ilikuwa mbali, njia yenyewe matope. Mimi na Sesilia tulilala kwenye mkeka kwa Mama Pita tukinyweshwa maziwa. Kabla ya jua kuzama niliwaona wanarudi. Baba Pita alikuwa akisukuma baiskeli tupu. Mama alikuja nyuma yake akitembea, Deusi akiwa mgongoni, kanga imemfunika mpaka kichwani. Nilifurahi. Nilidhani amepona na usingizi umemchukua. Nikakimbia kuwapokea, nikamshika mguu uliokuwa umetokeza kwenye kanga, nao ulikuwa wa baridi.

Siku zilizofuata watu waliokwenda kukata matete walikuta makopo juu kidogo ya mto, makopo ya dawa ya kunyunyizia pamba, yamefunguliwa yote na kumwagwa majini. Kuna mtu alitaka samaki wengi bila jasho. Nani, hatujui mpaka leo. Huenda alikuwa mpita njia, huenda alikuwa mmoja wa waliosimama kaburini.

Ila makopo yalipopatikana, maneno yalikuwa yameshatangulia. Watu wa nyumba nyingi walikula samaki wale, wakatapika, wakatetemeka, wakapona. Sisi peke yetu tulizika. Kwa nini kwa mwanamke huyu tu? Kwa nini mtoto wa kiume, tena wa pekee? Shangazi Melania, dada mkubwa wa Baba, aliteremka pamoja na Baba kutoka juu, na tangu alipofika alikaa kati ya Mama na jiko. "Wewe pumzika, wifi," alisema, kwa sauti ya upole mbele za watu. Mama alipoinuka kuchota maji, alimnyang'anya ndoo. Alipotaka kutusongea uji, akamwondolea mwiko mkononi. Jioni nikamsikia nyuma ya nyumba akiwaambia wanawake waliokuja kuomboleza, "Mkono uliomlisha mtoto yale mayai ni wa nani? Mimi sisemi kitu. Nauliza tu."

Mama alisikia. Sote tulisikia. Alikaa ukutani, mikono ameipakata kama vitu vya mtu mwingine, na hakujitetea. Baba naye hakusema neno. Tangu afike hakuwa amesema naye, na hilo ndilo lililotutisha sisi watoto kuliko maneno ya shangazi.

Siku ya kuanua matanga ilipofika, Baba aliamka mapema akatoka na mgono mmoja uliosalia. Hakwenda mtoni. Baba Pita alimpeleka kwa mtumbwi mbali ziwani, upande wa pili wa matete. Alirudi watu wameshajaa uani, katekista ameshamaliza sala, shangazi anagawa ugali na maharage. Alipita katikati yao na magege watatu kwenye kamba ya mti, hai, wakipiga mikia. Akaenda moja kwa moja mpaka ukutani.

"Mama Skola," akasema, "nipikie."

Shangazi aliweka upawa chini. "Oresto, umerukwa na akili? Samaki? Leo? Tena kwa mkono wa huyu?"

"Nina njaa, dada."

"Chakula kipo hapa. Nimekupikia mimi."

"Nimekiona," alisema Baba. "Nataka cha mke wangu."

Mama akainuka. Kisu kilimponyoka mara mbili, na hakuna mwanamke aliyeinuka kumsaidia. Aliwasugua, akawapasua, akawasha moto, akapika, watu wote wakimtazama kama watazamao mtu anayevuka mto uliofurika. Akapakua. Baba alikaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, akanawa, akala. Alikula nyama, akafyonza vichwa, akanywa mchuzi uliobaki kwenye bakuli. Halafu akakaa tu, mikono magotini, na sisi wote tukakaa tukimngoja. Watu walikuwa wakimtazama mdomo, wakimtazama miguu. Nadhani walikuwepo waliotaka aanguke, ili wapate kuwa na hakika.

Hakuanguka. Kivuli cha nyumba kilipofika miguuni pake, alisema, "Skola, Sesilia, njooni mle, mama yenu amepika." Tukala. Mama Pita naye akasogea, akakata tonge. Shangazi alipanda juu kesho yake, na hakumnyang'anya Mama mwiko tena.

Basi tangu siku ile ikawa sheria ya nyumba yetu. Samaki akipikwa, Baba anakula kwanza, peke yake, uani, mahali ambapo mpita njia anaweza kumwona. Sisi tunakaa tunasubiri, ugali unapoa, mchuzi unaganda mafuta. Sesilia alikuwa akilia. Mimi niliona ni ubinafsi wa kiume, na moyoni nilimwita mlafi. Nilipofika sekondari nikajiona nimeelewa: Baba alikuwa akionja sumu, akitangulia yeye ili tusife sisi. Nikamheshimu kwa hilo, nikawasimulia marafiki zangu, tukatokwa machozi bwenini.

Lakini sivyo. Samaki wale aliwatoa majini yeye mwenyewe, wakiwa hai. Alijua ni wazima. Kama ni kuonja, tulikuwa na paka. Nilikuwa mke wa mtu tayari, nimeshaonja maneno ya mawifi, ndipo nilipotambua kwamba hakuwa na shaka na samaki hata siku moja. Alikuwa akiwajibu watu, naye hakuwa na maneno, akajibu kwa kula. Alifanya hivyo mpaka mvi zikamjaa, wakati hata waliosema walikuwa wameshasahau kwamba walisema.

Nilitamani kumshukuru kwa ajili ya Mama, nikachelewa. Baba alifariki mvua za mwaka juzi. Tulipomaliza mazishi nikamchukua Mama nikaja naye hapa mjini, na siku moja tukiwa tunachambua maharage nikamwambia yote niliyoyaelewa. Nilidhani atafurahi. Mama aliendelea kutupa mawe ya maharage pembeni.

"Ni kweli," alisema. "Alininusuru. Bila yeye wangenifukuza bondeni."

Akatupa jiwe jingine. Kisha akasema, "Ila kila nilipompa ile sahani, mwanangu, nilisimama mlangoni nikamtazama mdomo. Nikamtazama miguu. Miaka yote ile. Nilijua samaki ni wazima, na bado nilikuwa nangoja aanguke. Nikishaona hajaanguka, ndipo napumua."

"Hukumwambia?"

"Ningemwambiaje? Alikuwa akila kwa ajili yangu."

Nikaendelea kuchambua maharage, nikamwona Mama kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa amesimama mlangoni katika utoto wangu wote, kanga mdomoni, na mimi nikidhani anangoja kuletewa sahani aioshe. Watu wawili waliopendana, mmoja anakula na mwingine anahesabu pumzi zake, na hakuna aliyethubutu kumwambia mwenzake basi, yatosha.

Tangu tumzike Baba, Mama hajapika samaki. Majirani wanaona ni majonzi ya ujane, wananiambia nimbembeleze, atazoea. Nawaitikia. Sijamwambia mtu yeyote kwamba mama yangu anapumzika.