Senene wa Mume wa Mtu

Nilikuwa mlafi, na sioni sababu ya kuficha. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mitumba ilipofunguliwa milango na kila mwenye robota moja akajiita mfanyabiashara, mimi nami nilizunguka visiwa vya Ziwa Viktoria kwa boti za mizigo nikiuza magauni. Wenzangu walirudi Mwanza wakizungumzia bei. Mimi nilirudi nikizungumzia vyakula.

Safari ninayoikumbuka kuliko zote ilianzia pwani ya Muleba, mwezi wa Novemba, nikirudi nyumbani. Ilikuwa safari ya siku mbili, maana boti ilipitia Maisome na Kome kuchukua mizigo. Nyuma, karibu na injini, tulijikuta wanawake watatu ambao hatukuwahi kuonana. Mmoja alikuwa mama wa Kijita, mtu mzima, muuza nyavu, ambaye hakupanda boti bila jiko lake la mkaa. Wa pili alikuwa dada wa Kihaya wa rika langu, mwembamba, amekumbatia mkebe mkubwa wa maziwa ya unga uliofungwa kwa kitambaa. Wa tatu mimi, Msukuma wa Magu niliyekulia kwenye ng'ombe, na kwa upande wa samaki bado nilikuwa darasa la kwanza.

Mchana ule kila mtu alitoa chake. Nilitoa karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa kisha vikaanikwa hadi vikakauka kabisa. Dada alitoa ndizi zilizopikwa na maharage, zimefungwa kwenye jani la mgomba, bado zina joto. Mama alinunua sato wawili Maisome, akawachemsha chukuchuku kwa chumvi, nyanya na ndimu, akasonga ugali wa muhogo unaovutika. Aliponiona nachokonoa kichwa cha samaki kwa ncha za vidole, alininyang'anya.

"Kichwa hakichokonolewi, mwanangu. Kinafyonzwa."

Akanionyesha penye nyama, nikafyonza hadi macho. Tulicheka sana siku ile, hasa mama alipotafuna tobolwa langu kwa muda mrefu kisha akauliza kama kwetu tunayajengea nyumba.

Mkebe peke yake haukufunguliwa. Nikauliza mna nini humo, maana sijui kukaa karibu na chombo kilichofungwa.

"Senene," akasema dada.

Nikajibu kwamba kwetu panzi ni chakula cha kuku. Mdomo wangu ulikuwa hivyo wakati ule. Hakukasirika, alivuta tu mkebe karibu zaidi, akatueleza. Senene wale walikuwa wa mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma kule Igoma, Mwanza. Mwaka mzima mume hakurudi wala hakuandika barua, na yeye alikuwa ameachwa kwa mama mkwe. Kwao mke hukusanya senene, akawang'oa mabawa na miguu, akawakaanga, akampelekea mume, yeye mwenyewe haruhusiwi kuonja. Mume akishakula, humvika mke nguo mpya kumshukuru. Wanawake wa mjini walikuwa wameanza kuwala wenyewe, lakini kwa mama mkwe wake mila haikuwa imelegea hata kidogo.

"Nimemwagizia aje bandarini," alisema. "Akiwapokea senene akanivika, basi mimi bado ni mke. Akiwapokea kama mtu anayepokea mzigo wa jirani, nitakuwa nimejua. Nitarudi kwetu na boti hii hii."

Aliyasema polepole, huku akikaza fundo la kile kitambaa lililokuwa tayari limekaza. Nilimpenda palepale, na nilimchukia yule fundi kabla sijamwona.

Siku ya pili ziwa lilichafuka. Nahodha aliitazama Kome kwa mbali, akatikisa kichwa, akapita. Bahati mbaya mama alikuwa ameshasonga ugali kwa kutegemea samaki wa Kome, na karanga zangu nilikuwa nimezimaliza peke yangu asubuhi. Tukaukalia ule ugali mkavu bila kitoweo, na njaa imetushika. Dada akatuangalia. Akafungua kitambaa.

"Chukueni kidogo tu. Mkebe umejaa, hataona."

Nilichukua mmoja kwa vidole viwili, nikafumba macho. Alikuwa mkavu, mwenye mafuta na chumvi, anavunjika mdomoni kama ngozi ya kuku iliyokaangwa vizuri. Wa pili nilimla macho wazi. Mama yeye alichota kiganja kizima bila sherehe. Nikamuuliza dada mbona yeye hali.

"Sijawahi kuwaonja. Tangu nikiwa mtoto nawang'oa mabawa tu."

"Mama mkwe wako yuko ng'ambo ya ziwa," akasema mama. "Hata awe na macho ya namna gani, hakuoni."

Akala. Akatafuna taratibu kama mtu anayekumbuka kitu, akameza.

"Kumbe hiki ndicho walichokuwa wanatuficha," alisema, akaingiza mkono tena.

Sijui nani alikuwa wa kwanza kusikia kucha zikikwangua bati. Tulichungulia wote watatu. Chini yalibaki makombo kidogo na chumvi. Dada alifunika uso kwa kitambaa akaanza kulia, na mimi nikaona aibu ambayo sijaiona tena maishani, maana nilikuwa bado natafuna.

Mama akajifuta vidole. "Kwenu aliyekula senene anatakiwa afanye nini?"

"Amvike aliyemwandalia."

Mama akanigeukia. "Basi wewe fungua robota."

Nilijaribu kumtolea gauni la kahawia lililopungua vifungo. Mama aliliangalia, kisha akaniangalia mimi, nikalirudisha. Nikatoa la kijani lenye kola nyeupe, ambalo nilikuwa nimejitengea mwenyewe kwa ajili ya Krismasi. Dada alilivaa palepale, mama akimkinga kwa khanga. Lilimkaa kuliko ambavyo lingenikaa mimi, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Bandarini Mwanza, mume alikuwepo. Shati lake lilikuwa na vitundu vya cheche. Aliuchukua mkebe kabla ya salamu, akautikisa, akaufungua. Kisha akalitazama lile gauni kuanzia kola hadi pindo.

"Nani kala senene wangu?" aliuliza. "Na gauni hili nani kakuvika?"

Hapo ndipo nilipoelewa tulichofanya. Mkebe mtupu na gauni jipya: kwa Mhaya ushahidi wa mwanamume mwingine ulikuwa umekamilika. Mama aliinama ghafla, akawa na kazi nyingi sana kwenye jiko lake. Yule mtu asiyeandika hata barua moja kwa mwaka mzima, sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa wivu.

"Nakuuliza, mke wangu. Nani kala senene wangu?"

Nikafungua kinywa nijitaje. Dada akanikanyaga mguu, kwa nguvu, bila kuniangalia. Alitaka aulizwe tena.