Baiskeli Isiyoondoka Bila Kusukumwa

Habari ya kifo cha mwenye nyumba wangu ilinikuta kwenye foleni ya mpakani, Grande Barrière, nikisubiri kuvuka kwenda Goma kwenye usaili wa kazi. Mpangaji mwenzangu alinipigia simu akasema tu, "Muzee ametuacha." Nilitoka kwenye foleni, nikaegemea ukuta, na kabla machozi hayajanijia nikajikuta nawaza: sasa nani atakaa kiti cha mbele? Wasomaji wangu mnajua kwamba naweza kuligeuza jambo dogo kichwani mpaka likaninyima usingizi. Hili halikuwa dogo. Mtu aliyenipa chumba cha uani nilipomaliza chuo, nikiwa sina mdhamini wala kazi, amekufa, nami nawaza baiskeli. Kibaya zaidi, kiti kile nilikuwa nakitamani tangu akiwa hai.

Niwaeleze ni baiskeli gani. Marehemu alikuwa dereva wa malori, amekulia Tanzania kabla familia yao haijarudi huku kwetu, na usukani ulikuwa umemwachia mgongo usiokubali kuinama. Mkewe, aliyetoka upande wa Kongo, aliuza vitenge sokoni mpaka macho yakafifia. Walipostaafu walipenda kutazama baiskeli za magurudumu matatu ambazo wafanyabiashara wenye ulemavu huvushia mizigo mpakani, wameketi huku migongo imeegemea. Siku moja mzee akasema hata wao wanaweza kukaa hivyo, akamwita fundi anayechomelea mageti. Niliwakuta sebuleni wameketi sakafuni, mmoja nyuma ya mwenzake, miguu imenyooshwa mbele kama watoto wanaocheza gari, fundi akiwapima kwa futi. "Usicheke, mwanangu," akaniambia mkewe, ambaye sote tulimwita mama. "Huyu muzee amenizungusha na maneno maisha yote, sasa anataka kunizungusha na miguu." Kilichotoka kwa fundi kilikuwa chuma kirefu kama kitanda, juu ya magurudumu mawili, chenye viti viwili vya kuegemea vilivyojazwa sponji ya kiti cha lori na kufunikwa vitenge vilivyobaki kwenye biashara ya mama. Usukani na breki vilikuwa mbele. Nyuma kulikuwa na pedali tu, na mama.

Kosa lao ni kwamba waliijaribu uani, ambako ni tambarare. Barabarani ikajulikana kuwa ikisimama kwenye mwinuko wowote haiondoki tena, maana aliyelala chali, tena mwenye magoti ya uzee, hana namna ya kujisukuma. Na kwetu hapa mtu mzima hapiti watu hivi hivi. Husimama, akatoa mkono, akauliza habari za nyumbani. Fundi alitaka kuongeza gurudumu la tatu. Mzee alikataa. "Anayenisimamisha kunisalimu ndiye atakayenisukuma," alisema. "Mji huu haujaishiwa mikono." Ikawa ndiyo desturi ya mtaa: unasalimiana nao, unaulizwa kama umepata kazi, kisha unashika mgongo wa kiti cha mama na kusukuma. Mimi nami nilisukuma mara nyingi, nikibaki nyuma kuwatazama wakiteremka kuelekea ziwani, nikitamani kujua dunia inaonekanaje kutoka pale mbele. Ila kila walipotoka kwenda Nyamyumba, kwenye chemchemi za maji moto ambako mama alitaka kuloweka miguu, salamu ziliwakawiza mpaka jua likatua, wakarudi. Mzee alikufa hawajafika.

Baada ya matanga, mdogo wa marehemu alisema chuma kile kinaaibisha ukoo. "Shemeji, mjane hawezi kulala barabarani miguu mbele kama anapelekwa makaburini," alisema mbele yetu sote. Angekuja Jumapili alasiri na fundi, waikate baiskeli, watengeneze nondo za madirisha. Jumapili asubuhi mama akabisha mlangoni kwangu, amevaa viatu vya raba.

"Bon. Kiti ya mbele iko bure. We iko na miguu?"

Nikamwambia watu wataona kijana amekaa mahali pa mzee, na maneno yatazuka.

"Mi natafuta mutu wa kukanyaga, hapana mutu wa kunioa. Leo wanaikata. Nifike mara moja tu."

Kitambaa cha kiti kilikuwa kimeshika umbo la mgongo wa mzee, nami nilijilaza humo kama mtu aliyevaa koti lisilo lake. Tuliposhika mteremko, ziwa likafunguka mbele ya vidole vyangu vya miguu, upepo ukanipiga kifuani, nikacheka kwa sauti. Papo hapo nikaona aibu. Nilikuwa nimekitamani kiti, na mwenye kiti ameondoka; tamaa yangu na kifo chake vilinikalia kifuani kama vitu viwili vyenye baba mmoja. Kisha nikawaona wanawake waliotoka kanisani wamesimama njiani. Tukisimama, hatutafika. Tukipita, tumewadharau watu waliotuzikia. Nikaendelea kukanyaga bila kujua nifanye nini.

"Kuna watu?" mama akauliza.

"Wapo."

"Simama, basi. Yeye alikuwa anasimama."

Nilisimama. "Mwihangane," walitufariji, wakamshika mama mikono, wakatusukuma. Mbele kidogo tukasimama tena. Kutoka kiti kile niliona jambo ambalo mama kwa macho yake asingeweza kuliona: watu walikuwa wakitoka milangoni wakijifuta mikono kabla hatujawafikia, tayari kusukuma. Mlima wa mwisho tulipandishwa na wavuvi ambao hata hatukuwajua.

Mama alitumbukiza miguu akaitoa haraka. "Iko moto kweli," akasema. "Muzee alikuwa ananiambia haiko kitu, ni vuguvugu tu, ili nisisikitike." Akacheka, akairudisha. Mimi nikalia. Akauliza nalia nini. Nikamwambia nimefurahi, na naona si haki nifurahie mimi badala ya mzee.

"Donc, basi ulie," akasema, "lakini ukanyage. Twende, wanatungoja."

Kweli walikuwa wanatungoja. Shemeji yake alisimama chini ya kilima cha nyumbani, fundi pembeni na msumeno wa chuma, akatupungia mkono tusimame. Nikashika breki. Alikuwa amejiandaa kugomba, nadhani, lakini mama aliwahi kunyoosha mkono, akamuuliza habari za watoto. Akalazimika kujibu. Akauliza tumetoka wapi. "Nyamyumba," mama akasema, "kumufikishia kaka yako." Kilima kilikuwa mbele yetu.

"Shemeji," mama akasema taratibu, "ni we umetusimamisha."

Shemeji yake akamtazama fundi. Fundi akautazama msumeno wake. Mwisho alivua koti, akampa fundi alishike, akaweka mikono nyuma ya kiti cha mama, akasukuma mpaka getini. Hakuna aliyetaja kukata siku hiyo, wala Jumapili iliyofuata.

Bado sijui kama nina haki ya kukaa pale, na kila nikijilaza natanguliza kumwomba marehemu radhi. Ila nimejifunza kwake kwamba kumwomba mtu akusukume ni kumtia katika safari yako, na aliyeweka mikono yake hapo si rahisi kurudi na msumeno. Jumapili tunatoka tena. Mkituona, tusimamisheni.