Mbio za Baba na Sisimizi Wake

Siku ya mbio za babu yako naikumbuka kwa sababu ya sisimizi, mwanangu. Usinicheke. Umekuja kuniambia daktari amekukuta na kisukari, na viatu vyako vya mbio umevisukuma uvunguni. Basi kaa nikusimulie habari za babu yako.

Baba yangu alikuwa tarishi wa Wadachi, wale Wajerumani. Alikimbia na mfuko wa barua kati ya Morogoro na Ngerengere. Reli ilipofika, barua zikapanda garimoshi, naye akarudi kwetu Mlali kukaa. Akanenepa. Kisha akaanza kumaliza mtungi wa maji peke yake, akakonda ghafla, na kila alipokojoa nyuma ya nyumba, sisimizi walifika kama wamealikwa harusini.

Majirani wakasema amerogwa. Mama akamkataza hata kwenda shamba, eti mgonjwa hulala. Mimi nilikuwa binti mkubwa, nimeshaposwa, nikabaki najiuliza: sisimizi wanajua nini habari za uchawi? Wao wanafuata utamu. Sasa utamu huo umetoka wapi?

Mara ikatangazwa kwamba kwenye sikukuu ya Wadachi watu watashindana mbio, kutoka bomani Morogoro mpaka kwa jumbe wetu Mlali. Baba alifurahi kama mtoto. Akaanza mazoezi kila alfajiri, na mama akilia kwamba atazikwa. Mimi nikawa naenda nyuma ya nyumba kuchungulia. Ajabu! Baba akikimbia, kesho yake sisimizi ni wachache. Halafu siku moja akakimbia mbali sana, na asubuhi nikakuta wamejaa tele, baba yuko kitandani, ulimi mkavu, hajiwezi.

"Umeona sasa?" mama aliniambia. "Hayo mazoezi mnayoyasifu!"

Niliogopa, mwanangu. Lakini swali halikuniacha. Baba alipopata nafuu na kutoka tena, nilimfuata kwa nyuma. Lo! Kila nyumba ilimsimamisha, na kadiri alivyokwenda mbali ndivyo zilivyozidi. Huyu kamenya muwa, yule ana ndizi mbivu, yule kata ya togwa. Naye akapokea vyote, kwa sababu huku kwetu kukataa chakula cha mtu ni kumwambia usoni kwamba ni mchawi.

Nikakimbilia kwa mjomba Mkude, kaka yake mama, mkubwa wa ukoo wetu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

Nikamweleza yote, hata sisimizi. Hakucheka. Aliniuliza walijaa siku zipi, akaniuliza tena, kisha akachukua fimbo yake akapita nyumba hadi nyumba.

"Mnamkirimu au mnamuua?" aliwakemea. "Akipita hapa mpeni maji. Akikataa muwa, mimi ndiye niliyemkataza. Mwenye kinyongo aje kwangu." Akamgeukia baba. "Na wewe shemeji, mdomo wako ni wa kula tu? Wa kusema huna?"

Siku ya mbio watu walijipanga njiani na vibuyu vya maji. Baba hakushinda, vijana walimwacha mbali kabisa, lakini alifika kwa miguu yake mwenyewe, anacheka. Asubuhi yake wageni wakaja kumpongeza. Mimi nilipitia kwanza nyuma ya nyumba. Nikainama, nikatafuta. Hakuna sisimizi hata mmoja. Nikakaa pale pale chini nikalia kwa furaha, kwa sauti, mpaka wageni wakadhani baba amefariki.

Basi, mwanangu, vitoe hivyo viatu uvunguni. Ila usinyamaze kama baba. Unaokimbia nao wajue hali yako. Wewe una sindano, yeye hakuwa nayo, na daktari amekwambia sindano inaweza kuishusha sukari mno. Kwa hiyo ule utamu uliomtesa babu yako, wewe uweke mfukoni, na mwenzako ajue uko mfuko upi. Mwili wako uchungulie kila siku, wala usione haya kuuliza.

Haya, nenda. Mungu akupe miguu ya babu yako, na mdomo wa mjomba wangu.