Ua Nililoagiza

Nikisikia mtu akisema misitu ya Lubumbashi imemalizwa na wachoma makala, mkaa wetu wa kupikia, huwa siwalaumu wao peke yao. Namjua mkosaji mwingine, tena ana diploma.

Miaka ile serikali ilipoacha kutulipa mishahara, nilikuwa mwalimu msaidizi wa elimu ya mimea kule chuo kikuu, Kasapa. Jengo letu lilikuwa limeporwa hadi vitasa. Nilibaki na okidi zangu, zile zinazoota juu ya matawi ya miti mikubwa, mahali ambapo mama wa watoto wanne kama mimi hapandi. Basi nikawa nawafuata wachoma makala. Mti ukianguka, nilikimbilia matawi kabla hawajayakatakata, nikachuma nilichokitaka. Sitaficha: nikisikia shoka, nilikuwa nafurahi.

Ng'ambo ya mashamba ya Annexe, pembezoni mwa mji, ulibaki mti mmoja mkubwa wa muputu. Waliuacha kwa sababu shina lake lilikuwa tupu ndani, halifai kwa makala. Juu kwenye panda, kwa darubini, niliona okidi nisiyoijua. Majani peke yake hayatoshi. Okidi hutambuliwa kwa ua lake, kwa umbo la mdomo na urefu wa mkia ulio nyuma. Nilisubiri misimu miwili ya mvua bila kuona ua. Msimu wa tatu vikatokea vitumba. Nikamwambia mkubwa wa wachoma makala, mzee aliyeachishwa kazi kwenye reli: "Papa, ile maua naitaka sana. Ikifunguka, uniite."

Siku ya nne aliniita. Nilimkuta amesimama kando ya muputu, na muputu uko chini.

"Mama professeur, maua yako ilikuwa juu sana. Tulikukatia muti."

"Lakini papa, ule muti hauna hata makala!"

"Njo vile. Shiye hatukuwa na kazi nayo. Ni juu ya kukusaidia tu."

Alikuwa anatabasamu, jasho linamtiririka. Yeye na wenzake wawili walikuwa wamekata tangu alfajiri, bila kula. Mti ulikuwa umelalia upande wa okidi. Nilipiga magoti nikachambua majani na udongo kwa vidole. Maua yote yalikuwa yamepondeka kama uji, hata mkia mmoja wa kupima sikupata. Niliondoka na majani matatu. Kwenye karatasi niliyoyabandika, penye neno "jina", sijaandika kitu hadi leo, na okidi ya namna ile sijaiona tena popote.

Nilitaka kumtukana. Ningemtukana nini, na agizo lilikuwa langu? Nilisema, "Aksanti, papa."

Matawi ya muputu, tofauti na shina, yalikuwa mazima ndani, yanafaa kuchomwa. Wiki mbili baadaye mzee aliniletea gunia la makala ya matawi yale, zawadi, maana alijua nyumbani tunapikia maganda ya mahindi. Ningeweza kulikataa. Nilisongea bukari, ugali wetu, karibu mwezi mzima, watoto wakashiba, na kwa kweli yalikuwa makala mazuri.