Nyanya Alivyonipokea

Juzi mjini Nakuru mzee mmoja alimtemea mjukuu wake mate viganjani. Watu walikunja nyuso, mimi nikatabasamu. Nilikumbuka nilivyopanda milima na baba siku kadhaa kwa miguu, juu ya Keringet, hadi kijiji cha wachungaji alikozaliwa. Njia nzima niliwaza: mamake hajawahi kuniona, je, asiponipenda?

Tulifika alasiri, moshi na kondoo vikinukia kila mahali. Nyanya alinitazama, kisha akanitemea mate kifuani. Nilishtuka, nikamgeukia baba.

“Baba, turudi nyumbani. Amenikataa.”

Baba alicheka. “Amekubariki, mwanangu. Hapa mgeni hatemewi.”

Nyanya aliuliza nimesema nini. Alipoelezwa alinivuta karibu, akatema tena, sasa usoni.