Siku Gari Liliponisema kwa Mama Mkwe

Kuna watu pale Kamukuywa ambao hadi leo nikipita wananiuliza kama ugali umepoa, na mimi huwapungia mkono kama mheshimiwa, kwa sababu ukishaaibika mbele ya soko zima kazi inayobaki ni kupunga tu. Wacha niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia hadithi ya Simiyu, ambayo ina chumvi kuliko yangu.

Nilikuwa nimenunua gari kutoka Japani, mtumba safi, kubwa kama kanisa, na katikati ya dashibodi skrini pana kama dirisha la benki. Shida ni kwamba skrini yenyewe ilijua Kijapani tu. Ukiwasha gari, dada fulani wa huko anakukaribisha kwa adabu (mimi nilikuwa namjibu "asante" naendelea). Ikaanza kujizima ovyo, nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa Kitale, akaiunga kwa waya moja kwa moja kwenye betri. Ikaacha kuzima. Iliacha kabisa, mtaona. Na soketi ya mbele ya kuchajia simu ikafa siku hiyo hiyo, ikabaki ile ya kiti cha nyuma.

Sasa, Jumamosi hiyo wazee wa kina Nekesa, mchumba wangu, walikuwa wanakutana kwao karibu na Mabanga, kule Bungoma, watupatie tarehe ya harusi au watunyime. Babake alishaitwa na Mungu, kwa hivyo neno la mwisho lilikuwa la mamake, mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye akikuangalia tu unajikuta umechomekea shati. Alikuwa Kitale kwa dadake, na Nekesa akaniomba nimlete. Simiyu, kakake Nekesa, akaja pia, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawakaribiani, wala hawapigi soga. Ukiwa na neno unampa mtu wa katikati akufikishie. Simiyu akakaa mbele na mimi. Mama akakaa nyuma na pochi yake, na simu yangu huko huko pembeni yake, inachaji.

Tulipita Kiminini kimya kama tumebeba mayai. Ndipo akili yangu ikanidanganya: weka wimbo wa kwaya, mama ajue umeokoka. Si ningeacha? Nikagusa skrini, ikaandika Kijapani, nikagusa tena, ikaganda, halafu kutoka kwa spika zote (na hilo gari lina spika hadi chini ya viti) ikatoka sauti ya mtu ninayemjua vizuri sana. Mimi.

Zilikuwa rekodi za sauti nilizomtumia Nekesa nikifanya mazoezi ya hotuba. Skrini iliingia kwa simu ikazikuta, na moja ikiisha inavuta nyingine. "Mama mtukufu, mimi mja mnyonge nimefika mbele ya..." kikohozi, "ah, nimesahau," halafu mja mnyonge anaanza upya. Nikabonyeza kupunguza sauti, ikaongezeka. Nikamnong'oneza Simiyu amwombe mama ile simu. Simiyu alikuwa amejikunja ameshika tumbo.

"Shemeji, ngoja kidogo," akasema, "si hotuba ndiyo inaanza kunoga."

Ningefanya nini, bana? Ninyooshe mkono nyuma hadi karibu na magoti ya mama mkwe? Heri ningeingia mtoni na gari lote. Nikaegesha Kamukuywa, kando ya wauza ndizi, nikazima injini. Kila kitu kikazima isipokuwa mimi.

Nikafungua mlango nitoke, kumbe ndio nafungulia soko. "Mamako akishika sala," nikasikika hadi ng'ambo ya barabara, "ugali unapoa, mchuzi unaganda, kuku anakaribia kufufuka." Watu wa boda wakazima pikipiki wasikie vizuri. Halafu ikaja ile niliyoiogopa kuliko zote, kwa sababu kwao nilijulikana kama msomi tu, bila maelezo.

"Na tafadhali, Nekesa, usimwambie nilisomea gumbaru, na watu wazima wenzangu. Amefundisha watu maisha yake yote, akijua nilipata kidato cha nne usiku nikiwa na ndevu ataniona mjinga. Mamako namwogopa kuliko simba, lakini wewe nakutaka. Sasa nifanyeje?"

Muuza ndizi mmoja akainama kwenye dirisha la nyuma, akauliza kwa upole kama huyo ndiye mkwe. Jibu sikulisikia. Nilisikia ushauri wake: "Mama, mpe tu msichana. Huyu anaogopa vizuri."

Mtu wa boda akaniazima spana, nikafungua boneti, nikang'oa waya wa betri kama nategua bomu. Kimya. Ningeweza kubaki ndani ya ile boneti hadi Pasaka. Nilipoifunga nikamwona mama ameketi vile vile, na pochi yake iko juu ya simu yangu, hajaigusa wala kuisogeza, na siku hizi nashuku ile pochi ilikuwa kazini, ikilinda hotuba isikatizwe.

Tukarudisha waya, yule dada akatusalimia kwa Kijapani kama hakuna kilichotokea, tukaondoka. Tulikuwa tumekaribia Webuye mama alipofungua mdomo.

"Simiyu, mwambie mwenye gari hotuba yake ni ndefu. Aondoe huyo mja mnyonge."

Nikamwambia Simiyu amwambie mama asante.

"Anasema asante," akasema Simiyu.

"Nimesikia. Hata soko limesikia."

Kule nyumbani nilikaa karibu na mlango, jasho linatiririka hadi kwa soksi, nikijua nimempoteza Nekesa kwa sababu ya kwaya ambayo haikuimba hata ubeti mmoja. Wazee wakamuuliza mama anasemaje. Akasimama kama yuko paredi ya shule.

"Wakwe wengine wote waliingia hapa na maneno ya kupangwa," akasema. "Huyu nimemsikia akinisema nisipokuwepo. Hata nisipokuwepo ananiogopa, na bado anamtaka Nekesa. Na mtu aliyeenda shule na ndevu alijipeleka, hakuna aliyemfukuza na fimbo. Mpeni tarehe."

Tukapewa Desemba. Gari bado ninalo, na skrini bado ni ya Kijapani, lakini nimeapa sitaigusa tena nikiwa nimebeba mtu wa heshima. Abiria akitaka wimbo namwimbia mwenyewe, vibaya, kwa huu mdomo wangu, ambao nikiuambia unyamaze hunyamaza. Mara nyingi.